Mosel, Mto wa Watreveri

Treni ya kutoka Luxembourg kwenda Trier husimama kidogo tu katika kijiji cha Igel, na abiria wengi hawainui macho kutoka kwenye simu zao. Nakushauri ushuke. Kando ya barabara ya kijiji, katikati ya nyumba za kawaida zenye maua madirishani, imesimama nguzo ya mawe yenye kimo cha mita 23, na nyuma yake mizabibu inapanda mlima. Haina lango wala mkata tiketi. Unaweza kuizunguka utakavyo, ukainua shingo mpaka iume, na kuwatazama mmoja mmoja watu waliochongwa humo tangu chini hadi juu.

Ni ukumbusho wa kaburi, uliojengwa karibu mwaka 250 BK na ukoo wa Secundinii, wafanyabiashara wa nguo. Matajiri wa enzi ile walipenda kuzikwa pamoja na picha za miungu na mashujaa, na humu pia wamo: Hercules anapaa mbinguni kwa gari la farasi. Lakini Secundinii walitaka na kazi yao ionekane. Kitambaa kinatandazwa kikaguliwe. Wanaume wanavuta mashua kwa kamba kukabili mkondo, migongo imepinda. Nyumbu wenye mizigo wanavuka kilima. Wapishi wako jikoni, mabwana wako mezani. Na wakulima waliokodishiwa mashamba wamepanga foleni kuleta malipo yao: huyu sungura, yule samaki, mwingine jogoo, mwingine kikapu cha matunda.

Johann Wolfgang von Goethe alipita hapa mwaka 1792, akifuatana na jeshi la Prussia lililokuwa likipigana na Ufaransa, akaisifu nguzo hii katikati ya matope na taabu za vita. Angeweza asiikute. Makaburi mengi ya namna hii yalibomolewa zamani, mawe yakaenda kujenga kuta na nyumba. Hii ilipona kwa sababu watu wa Zama za Kati waliamini kwamba inaonyesha harusi ya Helena na Constantius, wazazi wa Konstantino Mkuu, na nani angethubutu kubomoa ukumbusho wa mama mtakatifu? Waliikosea kabisa, na kosa lao ndilo lililotutunzia wauza nguo.

Vitabu vya watalii hulitangaza bonde hili la magharibi mwa Ujerumani kuwa nchi ya Warumi. Sawa. Ninachokipenda mimi ni kwamba hapa Roma haikuweza kuwafunika waliokuwapo. Hawa Secundinii, pamoja na majina yao ya Kilatini, walikuwa watu wa nchi hii, Watreveri, kabila la Kigalia lililokaa pande zote mbili za Mosel kabla Julius Caesar hajafika. Walitii, wakaasi, wakatii tena, wakaasi tena, na mwishowe wengine wao wakatajirika. Anayetafuta majengo ya kifalme yanayozidi yote aende Roma yenyewe. Anayetaka kumwona mtawaliwa akiwa kazini, shuleni, hekaluni na kwenye foleni ya kodi, aje huku.

Caesar, katika vita vyake vya miaka ya 50 KK, aliandika kwamba wapanda farasi wa Watreveri walikuwa hodari kuliko wote wa Galia. Mji wao mkubwa ulikuwa juu ya kilima cha Titelberg, katika Luxembourg ya leo. Wakuu wao wawili walitofautiana kuhusu la kufanya. Cingetorix aliona heri kushika mkono wa Roma. Baba mkwe wake, Indutiomarus, aliona heri kupigana. Indutiomarus aliuawa akivuka kivuko cha mto, kichwa chake kikapelekwa kwenye kambi ya Warumi. Ukifuata habari za Watreveri kwa karne nzima iliyofuata utakuta hali hiyohiyo ya familia iliyogawanyika: huyu pamoja na Roma, yule dhidi yake. Mwaka 21 BK Julius Florus, Mtreveri, alianzisha uasi kwa sababu ya madeni yaliyowalemea watu, na aliyetumwa kumzima alikuwa Julius Indus, Mtreveri mwenzake na adui yake wa siku nyingi. Florus alikimbilia misitu ya Ardennes, na alipoona njia zote zimezibwa akajiua. Indus akapewa heshima ya kikosi cha farasi kuitwa kwa jina lake. Binti yake aliolewa na Classicianus, ofisa wa fedha wa Kirumi aliyepelekwa Uingereza baada ya uasi wa malkia Boudica, na jiwe la kaburi ambalo mama huyo alimjengea mumewe liko leo katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Jambo lingine linalonichekesha kuhusu Watreveri ni fahari yao ya asili. Tacitus anasema walijigamba kwamba chimbuko lao ni Wajerumani wa ng'ambo ya Rhine, ilhali majina yao ya kale na miungu yao ni ya Kikelti. Na Mtakatifu Yeronimo, aliyewahi kuishi Trier ujanani mwake karibu mwaka 370, aliandika baadaye kwamba Wagalatia wa Asia Ndogo, walewale walioandikiwa waraka na Mtume Paulo, walikuwa na lugha iliyokaribia kufanana na ya Watreveri. Yaani karne nne baada ya Caesar, katika mji uliokuwa makao ya makaisari, bado palikuwa na kumbukumbu ya lugha ya wenyeji iliyotosha kulinganishwa na nyingine.

Kutoka Igel hadi Trier ni safari fupi ya baiskeli kando ya maji. Ingia mjini kwa daraja la kale. Magari na mabasi hupita juu yake kila siku, na wengi wa wanaolivuka hawafikirii kwamba nguzo zinazowabeba ni za katikati ya karne ya 2. Teremka chini ukingoni uzione: mawe meusi ya basalti kutoka milima ya Eifel, makubwa, yenye pua iliyochongoka kukata maji. Matao ya juu ni ya karne ya 18, kwa kuwa askari wa Ufaransa waliyalipua yale ya kwanza mwaka 1689. Na kabla ya daraja la mawe palikuwa na la mbao. Nguzo zake zilipochunguzwa kwa kuhesabu pete za miti, zilionyesha kwamba miti ile ilikatwa mwaka 18 au 17 KK. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya awali kabisa ya mji ambao Warumi waliuita Augusta Treverorum: mji wa Augusto, ulio wa Watreveri.

Wenyeji wa leo wana hesabu yao tofauti. Kwenye nyumba moja nyekundu kando ya uwanja wa soko kuu pameandikwa kwa Kilatini kwamba Trier ilikuwapo miaka 1,300 kabla ya Roma. Kisa kinasema aliyeuanzisha ni Trebeta, mwana wa mfalme wa Ashuru. Ni hekaya tupu, lakini naipenda roho yake. Mji uliotawaliwa na Roma uliamua baadaye kuwa mkubwa wa Roma kwa umri.

Kuhusu Porta Nigra, lango jeusi la mawe ambalo picha yake imo katika kila kadi ya posta ya Trier, nitasema machache. Mbao za wakati wa ujenzi zimethibitisha kwamba lilianza kujengwa mwaka 170 BK. Mawe ya mchanga yalipangwa bila chokaa, yakashikanishwa kwa vyuma vilivyozibwa na risasi, na matundu unayoyaona kila mahali ni kazi ya watu wa Zama za Kati waliochimbua vyuma hivyo. Ujenzi haukumalizika: mawe mengi hayakuwahi kulainishwa. Karne ya 11 mtawa Simeon, Mgriki mzaliwa wa Sirakusa, alijifungia katika mnara wake mmoja mpaka akafa mwaka 1035, lango likageuzwa kuwa kanisa, na Napoleon ndiye aliyeamuru kanisa liondolewe. Ni jengo la kutisha na la kuvutia, na linasema machache mno kuhusu waliolijenga, isipokuwa ukisogea karibu. Kwenye baadhi ya mawe pana alama za wachongaji, herufi chache za majina yaliyofupishwa, na nyingine zimekaa kichwa chini kwa sababu jiwe lilipandishwa kinyume. Hapo ndipo nilipolipenda lango lile.

Lakini siku ikiwa ni moja tu, itumie katika jumba la makumbusho la Rheinisches Landesmuseum, mwendo mfupi kutoka bustani ya jumba la kifalme. Uani pamesimama nakala ya nguzo ya Igel ikiwa imepakwa rangi kama ilivyokuwa zamani, nyekundu, buluu na manjano, na inamshtua kila aliyezoea kuamini kwamba watu wa kale walipenda mawe yasiyo na rangi. Ndani kuna dhahabu nyingi: sarafu zaidi ya 2,500, uzito wa kilo 18 na nusu, zilizofukuliwa mjini mwaka 1993 wakati wa ujenzi. Watu hujazana hapo. Wewe pita, nenda kwenye ukumbi wa mawe ya Neumagen.

Mawe hayo yana historia yake. Yalikuwa makaburi ya fahari ya karne ya 2 na ya 3. Wakati wa Konstantino, hatari ya Wajerumani wa ng'ambo ya Rhine ilipozidi, ngome ilijengwa Neumagen upesi, na makaburi yakavunjwa yakawa msingi. Wachimbaji wa karne ya 19 walipofika kwenye msingi ule walikuta nyuso za watu zimelala gizani zikiwa hazijaliwa na mvua. Ndiyo maana tunawajua vizuri hivi.

Tazama picha ya darasa. Mwalimu mwenye ndevu ameketi kwenye kiti kirefu. Wanafunzi wawili, huku na huku, wamefungua magombo yao wanasoma. Upande wa kulia anaingia wa tatu, vibao vya kuandikia mkononi, mkono mwingine ameuinua kusalimia. Amechelewa. Ndevu za mwalimu ni za mtindo wa Kigiriki, na wanachosoma kwenye magombo bila shaka si habari za Indutiomarus. Mtoto wa mkuu wa Kitreveri alikuwa anatengenezwa awe Mrumi kwa fimbo na vitabu, na baba yake alijivunia jambo hilo kiasi cha kulichonga kwenye kaburi la ukoo. Kila aliyepita shule ya mtawala anaifahamu sura ya yule mtoto wa mlangoni.

Kisha tazama jiwe la bibi mwenye nyumba. Ameketi kwenye kiti cha matete yaliyosukwa, anasukwa nywele, wajakazi wanne wamemzunguka, mmoja ameshika kioo. Kiti kile ni samani ya wenyeji. Kioo na mtindo wa nywele ni wa Roma. Wajakazi hawatajwi majina.

Jiwe ambalo nililitazama muda mrefu ni lile la malipo. Wanaume wenye ndevu, wamevaa majoho mazito yenye kofia, vazi la Kigalia la baridi na mvua, wamesimama mbele ya meza. Sarafu zinamwagwa mezani. Ng'ambo ya meza kuna watu wasio na ndevu, wanahesabu, mmoja na daftari lake. Mchongaji hakuweka maneno. Angalia tu mabega: waliosimama wameyakunja, waliokaa wameyanyoosha. Na kumbuka aliyelipia picha hii ni mwenye shamba, naye aliiona kuwa ya kujisifia. Huenda alikuwa Mtreveri kama wao.

Hapa lazima nitoke pembeni kidogo. Vijana wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, waliomsoma Karl Marx kwa bidii katika miaka ya 1960 na 1970, walimjua kama mtu wa London na viwanda vya Manchester. Alizaliwa hapa Trier mwaka 1818, na alikulia katika nyumba iliyo hatua chache kutoka Porta Nigra. Moja ya makala zake za mwanzo zilizoiudhi serikali ya Prussia, mwaka 1843, ilihusu dhiki ya wakulima wa mizabibu wa Mosel. Mawe ya Neumagen yalikuwa bado ardhini; hangeweza kuyaona. Nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho, na mwaka 2018 China iliuzawadia mji sanamu yake kubwa ya shaba. Nimeitazama sanamu ile, nikarudi kwenye jiwe la malipo.

Katika ukumbi uleule wa makumbusho usikose jiwe alilotoa mtu aitwaye Indus, si yule kamanda, bali wa kabila jirani la Wamediomatrici. Mbele wamechongwa Mercury na mwenzake Rosmerta, mungu wa kike wa Kigalia. Pembeni mtu anakata mti kwa shoka, na katika matawi ya mti mmetokeza kichwa cha fahali na ndege watatu. Mercury kila Mrumi angemtambua. Mti ule, fahali yule na ndege wale ni hadithi ya Kikelti ambayo hakuna aliyeiandika, kwa hiyo tumeachiwa picha bila simulizi.

Ndivyo wenyeji walivyoishi na dini mbili katika kauli moja. Katika bonde dogo la Altbach, kusini mwa mji, wachimbaji wa miaka ya 1920 na 1930 walikuta mtaa mzima wa ibada wenye mahekalu na vihekalu zaidi ya 70, mengi yake ya umbo la Kigalia: chumba cha mraba katikati, na baraza ya kuzunguka pande zote nne, kwa ajili ya kumzunguka mungu kwa miguu. Ng'ambo ya mto, chini ya mlima, palikuwa na hekalu kubwa la Lenus Mars, mponyaji. Mars wa Roma alikuwa mungu wa vita. Lenus wa Watreveri alikuwa na chemchemi na wagonjwa, na mkewe Ancamna. Waliunganishwa jina, na aliyeendelea na kazi yake ni Lenus. Wilaya za Watreveri zilimtolea mabenchi ya mawe, kila moja ikiandika jina lake, majina ambayo Mrumi angeumia ulimi kuyatamka. Kilichobaki mahali hapo leo ni kidogo, msitu umechukua sehemu kubwa, na sijutii kupanda.

Uwanja wa michezo uko upande wa mashariki, umechimbwa kwenye ubavu wa kilima cha Petrisberg, na juu yake mizabibu tena. Watu wapatao 18,000 waliweza kukaa. Chini ya uwanja kuna chumba chenye unyevunyevu ambamo wachimbaji walipata vibao vya risasi vya kuapizia: watu waliandika majina ya mahasimu wao na kuyazika hapo, kwenye damu. Hapa sifa zangu kwa mahali hapa zinapata doa, na afadhali nilionyeshe. Karibu mwaka 306 Konstantino, akiwa kaisari kijana mwenye makao Trier, aliwakamata wafalme wawili wa Wafaranki, Ascaricus na Merogaisus, akawatupia wanyama mbele ya umati. Wasomi wa kutunga hotuba za sifa walimpongeza kwa hilo mbele ya uso wake, katika mji huuhuu. Sasa hesabu karne: wajukuu wa Indutiomarus wameketi kwenye viti, wanaomalizwa uwanjani ni Wajerumani ambao mababu wa Watreveri walijidai kuwa ndugu zao.

Si kila Mjerumani aliyeletwa Trier aliishia uwanjani. Mwaka 368 Kaisari Valentinian alivuka Rhine kuwapiga Waalemani, na mshairi Ausonius, mwalimu wa mwanawe, alifuatana na jeshi. Fungu lake la mateka lilikuwa msichana mdogo wa Kisuebi, Bissula. Alimwacha huru, akamlea, akamtungia mashairi ya kumsifu macho ya buluu na nywele za dhahabu, na jinsi alivyokuwa Mjerumani wa uso na Mrumi wa maneno. Wasomaji wengi huona upole ndani yake. Mimi humfikiria msichana mwenyewe, ambaye hatuna hata mstari wake mmoja.

Jioni rudi sokoni. Kuna kibanda ambako wakulima wa mvinyo hupokezana kuuza, na mama aliyekuwa zamu alinimiminia Elbling, mvinyo wa zabibu za kale za sehemu ya juu ya mto, mchachu wa kukunja uso. Aliona uso wangu akacheka, akaniambia nisubiri mpaka funda la tatu. Asiyekunywa atapata maji ya zabibu, matamu sana. Wenyeji wenyewe hupenda kinywaji cha tufaha kiitwacho Viez, kinacholetwa katika kikombe cheupe cha kauri, pamoja na viazi vilivyopondwa na kabichi iliyochachushwa. Ni chakula cha watu wa baridi, na kinashibisha.

Kutoka Trier fuata mto unavyokwenda. Muda si mrefu utafika Riol. Leo ni kijiji cha mizabibu chenye ziwa la kuogelea na bembea za watoto, na familia za Kijerumani hupiga kambi hapo wakati wa likizo. Mwaka 70 BK paliitwa Rigodulum, na ndipo Watreveri walipovunjwa. Nero alikuwa amekufa, makaisari wanapinduana, na Watreveri wawili, Julius Classicus na Julius Tutor, makamanda katika jeshi lilelile la Roma, wakatangaza dola ya Wagalia. Vikosi vya Kirumi viliapa kuitii. Jenerali Petillius Cerialis alipanda mlima huu, akawatawanya, kesho yake akaingia Trier. Askari wake walitaka kuuchoma mji. Akawakataza, akawaita wenyeji akawahutubia. Tacitus, aliyemtungia hotuba hiyo kwa ustadi mkubwa, anamweleza akisema kwamba amani haipatikani bila majeshi, majeshi bila mishahara, wala mishahara bila kodi. Na kwamba Wajerumani wakivuka Rhine watakuja kwa tamaa ya ardhi, si kwa ajili ya uhuru wa mtu. Ni hotuba ya mtawala aliyeshinda, na ubaya wake ni kwamba imekaa sawasawa.

Katika vita hivyohivyo, Köln, mji wa Waubii, watu wa Kijerumani waliohamishiwa upande wa Roma na Agrippa, walijiwa na ndugu zao wa ng'ambo wakiwataka wabomoe kuta na kuwaua Warumi wote mjini. Waubii walijibu kwa akili. Kuta hatubomoi wakati wa vita. Na Warumi gani mnaosema? Hawa tumeoana nao, tumezaliana, hii ndiyo nchi yao. Mnataka tuwaue wazazi, ndugu na watoto wetu? Shauri likapelekwa kwa Veleda, nabii wa Kijerumani aliyeishi mnarani, asiyeonwa na mtu, maswali na majibu yakipitia kwa jamaa yake. Jibu likawaachia Waubii ukuta wao. Katika habari zote za utawala wa Roma kaskazini sijasoma maneno yanayoeleza vizuri zaidi ni lini mgeni anakuwa mwenyeji.

Baada ya Riol mto unaanza kujipindapinda. Milima inabana, mizabibu ya Riesling inaparamia mawe ya kijivu kwenye miteremko mikali kiasi kwamba watu huvuna kwa kujishikilia, na mahali pengine kuna reli ndogo za kupandishia mizigo. Mawe hayo hufyonza joto la mchana na kulirudisha usiku, ndiyo siri ya zabibu kuiva katika nchi ya baridi. Neumagen iko kwenye mojawapo ya mipindo hiyo. Ndipo Ausonius alipokutana na mto akitokea misituni, kabla ya kutunga shairi lake la Mosella, karibu mwaka 371, lenye orodha ndefu ya samaki na sifa za vilima. Na ndipo palipochimbuliwa jiwe mashuhuri kuliko yote ya makumbusho ya Trier: jahazi la mvinyo, kaburi la mfanyabiashara wa karibu mwaka 220. Tezi na omo zimechongwa vichwa vya wanyama, mapipa makubwa yamelala katikati, wapiga makasia wenye ndevu wamekaza, na mmoja wao ana uso wa kicheko mpaka watu wa hapa wakamwita msukani mchangamfu. Tangu 2007 kijiji kina jahazi la kweli lililoundwa kwa mfano ule, na mgeni anaweza kukodi nafasi na kupewa kasia. Lina injini pia, nashukuru.

Ng'ambo kidogo, Piesport, mwaka 1985 lilifukuliwa shinikizo kubwa la zabibu la karne ya 4, likatengenezwa upya, na kila Oktoba watu huvaa kanzu za Kirumi wakakanyaga zabibu kwa miguu. Ndio mwezi mzuri wa kuja. Milima imekuwa ya manjano, na kila ua unanuka maji ya zabibu yanayochacha.

Waliokanyaga zabibu hapa walibaki baada ya makaisari kuondoka. Katika miaka ya 470, dola ya magharibi ikikata roho, mtawala wa Trier alikuwa Arbogast, Mfaranki, mtu wa kabila la wale wafalme wawili waliotupiwa wanyama. Askofu Sidonius wa Galia alimwandikia barua kumsifu Kilatini chake safi, akisema kwamba kando ya Rhine lugha hiyo imekwisha na sasa inaishi kwake. Mjerumani akiwatawala wazao wa Wakelti, akilinda lugha ya Roma. Na vijiji vya bonde hili viliendelea kuzungumza lugha iliyotokana na Kilatini kwa karne nyingi, huku Kijerumani kikiwa kimewazunguka pande zote, ukaidi uleule wa Titelberg ukiwa na maneno mapya.

Mabasi ya jioni ya kurudi Trier ni machache, kwa hiyo ukija wakati wa mavuno tafuta chumba Piesport mapema. Wakulima wengi hukodisha vyumba juu ya maghala yao. Asubuhi utaletewa mkate na jemu ya pichi za shambani, zile ndogo za nyama nyekundu zinazoota katikati ya mizabibu. Omba chupa moja ya kuchukua.